Pasaka Ina Maana Gani kwa Mkristo? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Bagamoyo

Majibu haya yanafuata zaidi taratibu za Kanisa Katoliki. Pale ambapo wenzetu Waanglikana, Walutheri, Wamoravian au Waorthodoksi wana jambo lao la kutajwa, limetajwa. Umefunga siku 40, au hukufunga hata moja; yote mawili yana jibu humu.

Neno "Pasaka" maana yake nini hasa?

Asili yake ni Kiebrania, na maana yake ni kupita au kuruka. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 12, damu ya mwana-kondoo ilipakwa kwenye miimo ya milango, na mauti ikazipita nyumba hizo bila kuingia. Usiku huohuo watu wakaanza safari ya kutoka utumwani. Kanisa likachukua neno hilo kwa ajili ya Kristo, aliyepita kutoka mautini kwenda uzimani na kutuchukua sisi pamoja naye.

Kiswahili kinatusaidia hapa kwa maneno mawili yanayokaribiana: kuvuka na kuvushwa. Anayevuka hutegemea miguu yake. Anayevushwa mto Ruvu kwa mtumbwi hutegemea chombo na nahodha, na kazi yake ni kukubali kupanda na kutulia. Pasaka ni kuvushwa. Wengi huchoka na Kwaresima kwa sababu waliishika kama kuvuka: wakahesabu siku walizofunga na siku walizoshindwa, wakafika Ijumaa Kuu wamekata tamaa. Mfungo ni kujiandaa kupanda chomboni tu.

Yesu alikufa Ijumaa na kufufuka Jumapili alfajiri. Siku tatu zinatimiaje?

Msomaji wa pwani ana bahati kwenye swali hili, kwa kuwa hesabu ya wazee wetu inafanana na ya Wayahudi. Siku huanza magharibi, jua likizama. Ndiyo maana mzee wa pwani akisema "usiku wa Jumapili" anataka kusema usiku unaoitangulia Jumapili, ambao wengine huuita Jumamosi usiku. Tena Wayahudi walihesabu sehemu ya siku kuwa siku.

Basi: Yesu alikata roho Ijumaa saa 9 alasiri, akazikwa kabla ya magharibi. Hiyo ni siku ya kwanza. Toka magharibi ya Ijumaa hadi magharibi ya Jumamosi ni ya pili. Jumamosi jua lilipozama, siku ya tatu ilikuwa imeshaingia. Na saa zenyewe ni zetu: Marko anaposema giza lilitanda tangu saa 6 hadi saa 9, huhitaji kuongeza wala kupunguza chochote.

Kwa nini tarehe ya Pasaka huhama kila mwaka?

Inafuata mwezi. Baada ya Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, kanuni iliyoenea ni kwamba Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Kwa hiyo haiwezi kuwa kabla ya 22 Machi wala baada ya 25 Aprili. Mwezi unaotumika ni wa majedwali ya Kanisa, ambao unaweza kupishana kidogo na ule wa angani. Mwaka 2026 Pasaka ni 5 Aprili, mwaka 2027 ni 28 Machi, na mwaka 2028 ni 16 Aprili. Waorthodoksi hutumia kalenda ya zamani ya Julius, ambayo sasa iko nyuma kwa siku 13, ndiyo maana yao mara nyingi huchelewa: mwaka 2026 ni 12 Aprili.

Kuna jambo moja la kutumia hapa. Kwa kuwa mwezi mpevu uko karibu, Juma Kuu mara nyingi hukutana na maji ya bamvua, yaani maji yanayojaa kupita kawaida. Jumuiya inayotaka kufanya Njia ya Msalaba ufukweni iwaulize wavuvi kwanza saa ya maji kujaa. Vituo ni 14. Msafara wa watu wengi, wenye kuimba na kupiga magoti, unaweza kuchukua saa moja na nusu, na bamvua haimsubiri mtu amalize kituo cha 12.

Ipi ni kubwa zaidi, Ijumaa Kuu au Jumapili ya Pasaka?

Ni adhimisho moja linaloanza Alhamisi Kuu jioni na kukamilika Jumapili jioni. Misa ya Alhamisi haimaliziki kwa baraka ya kawaida, ibada ya Ijumaa huanza kwa kimya, na Kesha la Jumamosi huanza gizani. Anayehudhuria Ijumaa peke yake ameondoka katikati ya sentensi.

Ijumaa Kuu hakuna Misa. Kuna masomo na sala kuu za kuwaombea watu wote, kuabudu Msalaba, kisha komunyo iliyohifadhiwa tangu Alhamisi. Mwenendo wa wengi siku hiyo ni kumlilia Yesu kana kwamba ndiyo kwanza anazikwa. Machozi si kosa. Lakini Kanisa linauinua Msalaba likijua mwisho wake, na ndiyo maana padre huvaa nyekundu, rangi ya damu na ya mashahidi.

Mfungo wa Ijumaa Kuu unawahusu wenye miaka 18 hadi 59: mlo mmoja kamili, na vyakula viwili vidogo ambavyo vikijumlishwa havifikii mlo. Kujinyima nyama kunaanza miaka 14. Wagonjwa, wajawazito na wanaonyonyesha hawabanwi. Mwenye kisukari asijaribu ushujaa. Afanye tendo lingine la huruma.

Kesha la Pasaka hufanyika nini, na kwa nini linaitwa mama wa makesha yote?

Jina hilo ni la kale sana, na lina haki yake. Kila kitu ambacho imani inakisema kuhusu Pasaka kiko katika usiku huu, kwa moto, maneno, maji na meza.

Saa kwanza. Kesha lisianze kabla ya usiku kuingia, na liishe kabla ya Jumapili kupambazuka. Mwanzoni mwa Aprili jua la Bagamoyo huzama karibu saa 12 na nusu jioni, na giza hukamilika kuelekea saa 1 na robo. Kuanza saa 12 "ili watu wawahi nyumbani" kunaua alama yenyewe: huwezi kuusifu mwanga uliolishinda giza wakati kila mtu bado anamwona jirani yake vizuri. Saa 2 usiku ni saa nzuri. Usafiri upangwe mapema na jumuiya, hasa kwa wazee na wenye watoto.

Moto mpya huwashwa nje. Ni masika, kwa hiyo kuni zifunikwe tangu juzi yake. Vifuu vikavu vya nazi hushika haraka na kuwaka vizuri. Makumbi yakishanyeshewa hutoa moshi tu. Makaa ya chetezo yaingizwe motoni mapema, kama dakika 20 kabla, la sivyo ubani utawekwa juu ya makaa meusi. Mtu asimwage mafuta ya taa kwenye moto unaowaka. Kila aliyewahi kuandaa moto huu anajua kishawishi hicho kinapokuja.

Mshumaa wa Pasaka uwe wa nta, mpya kila mwaka, na uwe mmoja. Wa plastiki wenye kichupa cha mafuta ndani haufai. Padre huchora msalaba, Alfa juu yake, Omega chini, na tarakimu nne za mwaka huu kwenye pembe za msalaba, kisha anaweza kuchomeka punje tano za ubani kuwa majeraha matano ya Bwana. Tarakimu za mwaka zina uzito wa kiroho ambao hupita bila kusikika: Kristo ni Bwana wa mwaka huu, wenye kodi yako ya nyumba na ugonjwa wa mama yako. Hakuwa Bwana wa zamani tu.

Maandamano yanaingia kanisani gizani. "Mwanga wa Kristo" huimbwa mara tatu: mlangoni, katikati ya kanisa, na mbele ya altare. Waamini huwasha mishumaa yao baada ya mara ya pili, na taa za umeme baada ya ya tatu. Yanayoharibika hapa ni mawili. La kwanza ni mtu wa swichi kuwasha taa mapema, au simu kumulika kila upande. Achaguliwe mtu mmoja na aelezwe. La pili ni nta kumwagikia watu. Mshumaa unaowaka usimame wima, na ule usiowaka ndio uinamishwe kuufuata moto. Upepo wa bahari ukiwa mkali, kipande cha katoni kilichotobolewa katikati kinazuia nta isifike mkononi. Chupa ya plastiki iliyokatwa huyeyuka.

Kisha Mbiu ya Pasaka, wimbo mrefu wa kuusifu usiku huu, na masomo 9: saba ya Agano la Kale, waraka, na Injili. Parokia inaweza kupunguza yale ya Agano la Kale hadi matatu kwa sababu za kichungaji. Baada ya somo la mwisho la Agano la Kale "Utukufu" unarudi na kengele zinalia. Baada ya waraka, Aleluya iliyokuwa imenyamaza Kwaresima nzima inaimbwa mara tatu. Halafu ubatizo, kurudia ahadi za ubatizo, na Ekaristi. Tenga saa tatu. Mtoto akisinzia, mlaze kwenye khanga na umwamshe kengele zikilia.

Kwa nini somo la Bahari ya Shamu haliruhusiwi kuachwa?

Kwa sababu bila Kutoka sura ya 14 ubatizo unabaki kuwa kunawa. Somo hilo linasema maji ni mahali pa kuvukia: watumwa wanaingia upande huu, watu huru wanatokea upande ule, na anayewafuatilia anabaki nyuma.

Hapa Bagamoyo somo hili lisisomwe kwa haraka. Ufukwe huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara, na binadamu walipakiwa hapa majahazini kuelekea Unguja. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika mwaka 1868 walianza kuwapokea waliokombolewa, wengi wao watoto, na kijiji cha watu huru kikakua kuzunguka misheni. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Wakristo wa kwanza wa bara yetu waliousikia usiku wa Pasaka kwamba Mungu aliwatoa watu utumwani, walikuwa na alama za minyororo miilini mwao. Hawakuhitaji mhubiri wa kuwafafanulia mfano.

Tuseme ukweli wote pia. Maisha ya misheni yalikuwa na ratiba kali ya sala, shamba na shule, na si kila aliyekombolewa alijiona ana uhuru kamili. Hilo nalo limo katika kitabu cha Kutoka: kuivuka bahari kulichukua usiku mmoja, kujifunza kuishi bila Farao kulichukua miaka 40. Mkristo anayeshangaa kwamba amebatizwa na bado anavutwa na tabia ya zamani yuko jangwani, hajarudi Misri.

Msomaji aliyepangiwa somo hili alisome kwa sauti nyumbani angalau mara tano, na atafute wapi pa kupumua. Ni refu, na likisomwa kwa pupa watu wanabaki na magurudumu ya magari ya Farao tu.

Nilibatizwa nikiwa mchanga, sikumbuki lolote. Kurudia ahadi kunanihusu nini?

Ndiyo saa ya kuyasema kwa kinywa chako yale ambayo wazazi na wasimamizi walikusemea. Maswali ni ya aina mbili: matatu ya kukataa na matatu ya kusadiki. Paulo kwa Warumi, sura ya 6, anasema tuliobatizwa tulizikwa pamoja na Kristo ili tuenende katika upya wa uzima. Kwa hiyo "namkataa" ni neno la kaburini, na "nasadiki" ni neno la kutokea kaburini.

Watu hujibu kwa pamoja, sauti kubwa, bila kitu kichwani. Jiandae hivi: siku ya Jumamosi Kuu, ambayo Kanisa linakaa kimya, chukua karatasi na uandike mambo matatu unayoyakataa, kwa majina yake. Usiandike "dhambi". Andika "kumnyima dada yangu sehemu yake ya shamba", "kuangalia simu ya mke wangu kwa siri", "kumsema jirani kibarazani". Usiku, swali likija, karatasi iwe mfukoni.

Sijaungama miaka mingi. Nianzie wapi?

Usingoje Ijumaa Kuu, foleni ni ndefu na padre amechoka. Juma la nne au la tano la Kwaresima ni bora. Ukiingia, sema mara moja: "Padre, ni miaka kadhaa, naomba unisaidie." Taja dhambi nzito kwa aina na kwa kadiri unavyokumbuka idadi, bila kuzisimulia kama hadithi na bila kutaja majina ya wenzako. Sala ya majuto ukiisahau, sema majuto yako kwa maneno yako. Kisha timiza malipizi siku hiyohiyo, maana ukiyaahirisha huyasahau.

Anayeishi katika ndoa isiyofungwa kanisani, akaona mlango umefungwa, aje hivyohivyo azungumze na padre au katekista. Mara nyingi kuna hatua ya kuchukua ambayo hakuijua.

Tumefiwa Kwaresima hii. Tutaimbaje Aleluya na matanga yamo ndani?

Aliyeleta habari ya kwanza ya ufufuko alikuwa mfiwa. Katika Yohana sura ya 20, Maria Magdalena amesimama kaburini analia, na Yesu mfufuka hakumkaripia. Alimuuliza kwa nini analia, kisha akamwita kwa jina. Basi hakuna anayelazimishwa kucheka. Njoo kanisani na kanga zako za msiba. Mwenzako ataimba, wewe utasikiliza. Mwaka mwingine mtabadilishana.

Pasaka haikuahidi kwamba tuliowazika watarudi kama Lazaro, ambaye alifufuliwa akafa tena. Paulo, kwa Wakorintho sura ya 15, anatumia mfano wa mbegu, na mtu wa pwani anauona ndani ya nazi. Nazi iliyoanza kuchipua ukiivunja, unakuta joya, kitu laini kama sponji, limejaa. Maji na nyama vinageuka kulilisha chipukizi. Ukiitafuta nazi uliyoijua, haipo tena, lakini haikupotea. Ni mnazi.

Cha kufanya: mshumaa wa Pasaka huwashwa karibu na jeneza katika mazishi. Kama ulikuwepo, ukiuona usiku wa Kesha kumbuka ni alama ileile. Wamoravian wana desturi nzuri ya kukusanyika makaburini alfajiri ya Pasaka na kuimba jua likichomoza. Familia ya Kikristo ya dhehebu lolote inaweza kufanya hivyo: fagia kaburi Jumamosi, rudi Jumapili, someni Injili ya ufufuko, imbeni wimbo mmoja. Inatosha.

Maji ya baraka ya Kesha niyatumieje?

Kwa kukumbuka ubatizo: chovya vidole, fanya ishara ya msalaba asubuhi, wabariki watoto wanapolala. Chukua kidogo, chupa ndogo safi yenye kifuniko, uibandike jina. Maji yaliyowekwa kwenye chupa ya soda hunywewa na mgeni. Joto letu hufanya maji yaliyokaa juani yaote ukijani, kwa hiyo yaweke kivulini. Yakibaki, yamwage kwenye udongo au shina la mti, usiyamwage chooni. Na tafadhali yasigeuzwe hirizi ya duka au kinga ya chombo. Aliyebatizwa amekwisha kuwa wa Kristo. Maji humkumbusha hilo.

Majirani zetu ni Waislamu. Tule nao vipi?

Kwa moyo mweupe, na kwa kuwafikiria. Kama sahani ya pilau itakwenda kwao, mwombe jirani Mwislamu akuchinjie tangu mwanzo, na sufuria isichanganywe na nyama wasiyokula. Ramadhani ikikutana na Pasaka, kama ilivyokuwa mwaka 2024, peleka chakula kabla ya magharibi kidogo ili kiwe futari. Wao hutupelekea sahani Idi, na sahani hairudi tupu.

Mayai na sungura je?

Ni desturi za Ulaya. Si dhambi, na hukosi kitu ukiziacha.

Kila mwaka nafurahi Jumapili, Jumatatu narudi kulekule. Nifanyeje?

Kwaresima tunaipa siku 40 za bidii, halafu Pasaka tunaipa chakula cha mchana. Kipindi cha Pasaka ni siku 50, hadi Pentekoste. Mwaka 2026 inaishia 24 Mei, mwaka 2027 inaishia 16 Mei. Siku 8 za mwanzo zote ni sherehe, hata Ijumaa yake haina kujinyima nyama. Mwili unahitaji muda kujifunza furaha kama ulivyojifunza njaa.

Jaribu hivi. Asubuhi, mchana na jioni, badala ya "Malaika wa Bwana", sali "Malkia wa Mbingu" mkiwa mmesimama. Mtaguso wa Nikea uliwataka Wakristo wasimame katika sala kipindi hiki, kwa sababu waliofufuliwa wamesimama. Soma tokeo moja la Bwana mfufuka kila juma, taratibu: Maria bustanini, Tomaso, kifungua kinywa cha samaki ziwani. Juma moja lichukue Luka 24, wanafunzi wa Emau. Walitembea kama kilomita 11, zaidi ya kwenda Kaole na kurudi mjini, wamevunjika moyo, na mgeni akatembea nao bila wao kumjua hadi alipomega mkate. Usiku uleule wakarudi Yerusalemu, kilomita zilezile. Kutembea na mtu aliyekata tamaa, umbali anaoutaka yeye, ni zoezi la Pasaka kuliko mengi.

Na ile karatasi ya mambo matatu, itoe mfukoni kila Jumapili hadi Pentekoste. Lililo la kurudisha kitu cha mtu ndilo la kuanza nalo. Siku ya Pentekoste jioni mshumaa mkubwa huondolewa karibu na mimbari na kuwekwa penye kisima cha ubatizo, ukisubiri mtoto wa kwanza atakayeletwa.